Khanga ileile, mageti mawili

Mlinzi wa shule moja ya msingi huku kwetu Dar es Salaam ana khanga kwenye kibanda chake. Ameitundika kwenye msumari juu ya daftari la wageni, nayo imepauka hadi jina lake halisomeki. Akija mzazi kavaa suruali ya kubana au sketi iliyoishia juu ya magoti, mzee yule habishani naye. Anaitungua khanga, anamnyooshea huku katazama pembeni: "Jistiri mwanangu, ukitoka uniachie hapahapa." Mzazi anajifunga, anaingia, anamwona mwalimu, anaondoka. Khanga inarudi msumarini.

Vituo vichache vya daladala kutoka pale kuna shule nyingine, ya binafsi, yenye bango la rangi getini. Mavazi yasiyoruhusiwa, limeandikwa, na chini yake michoro: kaptura, taitsi, singlendi, gauni la mgongo wazi, na mwanamke aliyejifunga khanga moja kiunoni na nyingine kajitanda mabegani. Kapigwa mstari mwekundu. Nilimpeleka mpwa wangu pale mwezi wa kwanza, nikabaki nimelikodolea macho bango lile mpaka mtoto akanivuta mkono. Nguo inayomfanya mama akubalike kwenye geti la kwanza ndiyo inayomrudisha nyumbani kwenye geti la pili.

Wenzetu wa ng'ambo nao wamelivaa suala hili la mavazi ya wazazi shuleni. Januari 2016, Kate Chisholm, mwalimu mkuu wa Skerne Park Academy huko Darlington, kaskazini mwa Uingereza, aliwaandikia wazazi barua akiwaomba waoge na wavae kabla ya kuleta watoto. Walikuwa wanakuja na pajama, wengine na ndala za chumbani, na si asubuhi tu, hata kwenye shughuli za shule. Aprili 2019, James Madison High School ya Houston, Texas, ikaenda mbali zaidi. Mkuu wake, Carlotta Outley Brown, alitoa orodha ya vitu ambavyo mzazi akiwa navyo haingii: pajama, kofia za satini za kulalia, rola za nywele, suruali zilizoshuka kiunoni, taitsi zinazochora makalio, na kadhalika. Mwanzoni mwa mwaka huohuo mbunge wa jimbo la Tennessee, Antonio Parkinson, alikuwa ameshatangaza nia ya kupeleka muswada wa mwenendo wa wazazi shuleni, mavazi yakiwemo.

Walimu wana hoja, na ni hoja nzito. Mwalimu anasimama mstarini asubuhi anakagua kola, soksi, kucha, nywele. Mtoto aliyechomoa shati anarudishwa kulichomeka. Halafu mbele ya mtoto huyohuyo anapita mtu mzima na gauni la kulalia, macho hajayanawa, anamuuliza mwalimu mbona mwanangu kashuka nafasi darasani. Mwalimu mwenyewe, kama ni wa serikali, ana waraka wa utumishi unaomwambia avae nini kazini. Anajiuliza kwa nini heshima ya mahali ilindwe na yeye na watoto tu.

Na kuna watoto wenyewe. Watoto hawana huruma kwa mambo haya. Mama akija na nywele zilizosukwa nusu, binti yake atatafutiwa jina kabla ya mapumziko, na jina hilo atahitimu nalo. Mwalimu anayetaka mzazi avae vizuri mara nyingi anamlinda mtoto, hata kama maneno anayoyatumia ni ya maadili, utamaduni wetu na kadhalika. Outley Brown naye aliandika kwamba mzazi ndiye mwalimu wa kwanza wa mtoto. Hakuna mtu wa pwani atakayelikataa hilo.

Nakubali pia kwamba hata khanga ina adabu zake, na anayejua khanga anazijua. Khanga moja ni ya ndani, ya bafuni na jikoni. Ukitoka unavaa doti, ya chini na ya juu. Mama anayefika shuleni na khanga moja aliyoifunga kifuani, mabega nje, hata shangazi yake atamuuliza vipi. Kwa hiyo wanaosema "mtu avae anachotaka" wanasema jambo ambalo bibi zetu wasingelielewa. Mavazi yana mahali pake. Lakini mchoraji wa lile bango hakuchora khanga moja. Alichora doti kamili, imetandwa sawasawa, kama anavyotandwa mama anayekwenda msibani au kwa kadhi.

Hapo ndipo ninapoanza kuachana na walimu. Bango lile halimkatazi mama kuwa uchi. Mama yule amestirika kuanzia shingoni hadi vifundoni. Linachomkataza ni kuonekana ametoka wapi. Khanga kiunoni siku ya kazi saa mbili asubuhi, mjini kwetu, ni nguo ya mama lishe, ya muuza mbogamboga, ya anayekaanga samaki. Mwenye ofisi yuko na suti na mwenye duka kashona kitenge. Waliobaki na khanga ni wale ambao kazi yao inachafua nguo. Ukiifuta khanga getini umewafuta watu hao bila kuwataja, na hakuna atakayekushtaki, maana umesema nguo tu.

Houston walilisema waziwazi. Chama cha walimu cha pale kililalamika kwamba orodha ile inawapiga wazazi wenye kipato kidogo, na shule yenyewe ni ya watoto weusi na wa asili ya Amerika ya Kilatini kwa sehemu kubwa. Mkuu wa shule naye alikuwa mwanamke mweusi, jambo ambalo wengi waliona linamaliza mjadala. Halimalizi kitu. Hata huku kwetu aliyelichora lile bango ni mtoto wa mtu aliyevaa khanga.

Tuwe wakweli pia kuhusu nani anayefika shuleni na kwa nini. Kwenye shule zetu za serikali watoto wengi hawasindikizwi, wanakwenda wenyewe kwa makundi tangu alfajiri. Anayesindikizwa ni wa darasa la awali au la kwanza. Mzazi wa mtoto mkubwa anaonekana shuleni siku nne tano kwa mwaka: kuandikisha, kikao cha wazazi, kuchukua ripoti, na siku ameitwa. Zote ni siku ambazo shule inamhitaji kuliko yeye anavyoihitaji shule. Na nyingi zinaangukia asubuhi ya siku ya kazi.

Chukua mama anayenunua samaki Feri, soko la samaki la hapa mjini. Anaamka saa tisa usiku ili awahi mnada, anagombania bei na wanaume wenye sauti kubwa kuliko yake, anapakia ndoo, na saa moja asubuhi yuko njiani kurudi kijiweni kwake kuwasha jiko. Kikao cha wazazi kimewekwa saa tatu. Ana magamba kwenye viganja na harufu haifichiki. Akienda nyumbani kuoga na kubadilisha nguo amepoteza nauli mbili, na ndoo ya samaki haimsubiri na jua la Dar. Basi anapita shule moja kwa moja. Amechagua mtoto kabla ya biashara, na hilo tu ndilo lililomleta getini vile alivyo. Angechagua biashara, asingekutana na bango.

Hili ndilo jambo ninalolirudia kichwani kila nikipita pale. Kanuni ya mavazi getini inampata aliyekuja tu. Baba ambaye hajawahi kukanyaga shuleni tangu mtoto azaliwe hajavunja kanuni hata siku moja. Anaweza kuwa kalala na bukta hadi saa tano. Kwenye daftari la shule ni mzazi ambaye hajawahi kuja vibaya. Mama wa Feri, aliyekuja mara nne na kurudishwa mara mbili, ndiye "wale wazazi wenye matatizo". Kikao kijacho hatakuja, na mwalimu atasimama mbele ya viti vitupu aseme wazazi wa siku hizi hawajali elimu.

Tazama hata ilivyoanza Houston. Siku moja kabla ya barua ile, mama mmoja alikwenda shuleni hapo kumwandikisha binti yake. Alivaa gauni fupi la fulana na kitambaa kichwani, na akaeleza kwamba kichwa kile kilikuwa katikati ya kutengenezwa nywele. Akazuiwa. Orodha ikatoka kesho yake, tarehe 9 Aprili. Pale hapakuwa na mzazi mzembe anayemtupa mtoto getini na kukimbia. Alikuwa mzazi aliyekuja kumpa mtoto nafasi darasani, akarudishwa akiwa na mtoto ambaye bado hana shule. Ukinipa mizani, upande mmoja kitambaa cha kichwani na upande wa pili dawati la binti yule, sioni kama kuna haja ya kupima.

Barua ya Darlington naitazama kwa jicho tofauti, na naona ni makosa kuziweka barua mbili hizi kapu moja kama wengi walivyofanya. Chisholm aliomba. Hakuweka mtu getini. Alisema jambo ambalo jirani anaweza kumwambia jirani, na mzazi aliyekasirika aliweza kukasirika huku mtoto wake yuko darasani. Tena pajama ya Darlington na khanga ya Feri hazifanani hata kidogo. Moja inasema bado sijaianza siku, nyingine inasema nusu ya siku yangu imeshakwisha.

Halafu kuna suala la nani anapima. Bango linaandikwa na bodi ya shule, lakini anayelitekeleza ni kijana wa kampuni ya ulinzi mwenye kirungu na kiti cha plastiki. Yeye ndiye atakayemtazama mama wa watu wa miaka hamsini kuanzia juu hadi chini, mbele ya watoto, na kuamua. Nimeona getini pale mama mmoja aliyeshuka kwenye gari kubwa na taitsi za mazoezi na miwani ya jua akifunguliwa geti kwa saluti. Taitsi kwenye bango zimo. Mlinzi hakuwa mla rushwa, alikuwa anajua tu kwamba watu wengine hawaulizwi.

Kwa mwenye kumbukumbu ndefu, kinachochekesha ni kwamba nchi hii iliwahi kupigana vita ya mavazi ambayo khanga ilikuwa upande wa washindi. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha siku zile, ulitangaza Operesheni Vijana, ikaanza rasmi Januari 1, 1969, kupiga marufuku sketi fupi, mawigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana. Mabinti walisumbuliwa sana barabarani kwa jina la utamaduni, na siisifu operesheni ile. Ila siku zile vijana wa TANU wangekutana na mama wa Feri wangempisha njia. Leo mjukuu wa mmoja wao huenda ndiye aliyelitundika bango.

Wakiniuliza walimu wafanye nini, ningewaambia waandike barua ya Darlington na waazime msumari wa yule mzee. Waombe wanavyotaka, wawaambie wazazi kikaoni, wawataje hata na kinababa wanaokuja na singlendi. Atakayekuja kajisahau apewe cha kujistiri aingie. Vikao navyo viwekwe hata Jumamosi jioni, tuone kama harufu ya samaki haitapungua yenyewe.

Mwezi wa sita, siku ya kuchukua ripoti, nilikuwa tena kwenye lile geti la bango. Mama mmoja alikuwa amesimama upande wa pili wa barabara, chini ya mwarobaini, ndoo imefunikwa kwa gunia bichi, khanga zake mbili kajifunga vizuri. Alishajua haingii. Akamtuma kijana wa bodaboda aliyemleta amchukulie ripoti. Kijana alikuwa na jinzi na kizibao kile cha kung'aa, mlinzi akamfungulia bila neno. Alipofika dirisha la ofisi wakamuuliza mtoto yuko darasa la ngapi. Akasimama kidogo, akageuka, akapiga kelele hadi ng'ambo ya barabara:

"Mama! Mwanao anasoma darasa la ngapi?"

"La tatu B! Na umuulize mwalimu, hesabu imekuwaje!"

Ya hesabu hakuuliza. Alikuwa na abiria mwingine anamsubiri.