Longstreet: msaliti, au ni chuki tu za kwao?

Jenerali James Longstreet kapigana miaka 4 vita ya wenyewe kwa wenyewe Marekani, upande wa Kusini, ule wa kutetea utumwa, msaidizi mkubwa kabisa wa jenerali Lee, kamanda maarufu wa Kusini, halafu vita inaisha 1865 na baada ya muda anaibukia Republican, chama cha Lincoln, rais wa Kaskazini aliyepigana nao! Kwao wengi hawakumsamehe mpaka anakufa 1904.

Wanaomwita msaliti wana hoja zao, tusiwapuuze. Grant, jenerali wa Kaskazini aliyekuja kuwa rais, alikuwa rafiki yake tangu chuo cha jeshi cha West Point, tena alioa binamu wa mbali wa Longstreet, kwa hiyo ni kama shemeji, na alipoingia tu ikulu 1869 akampa cheo cha forodha bandari ya New Orleans. Ulaji huo. Halafu ile barua yake ya 1867 gazetini wala haikuwa ya kuwapenda weusi, aliwaambia wazungu wenzake tumeshapigwa, tukubali yaishe, tuingie humo humo Republican ili kura za weusi tuzidhibiti sisi.

Mpaka hapo na mimi ningesema njaa tu. Ila njaa gani inakutoa ndani Septemba 14, 1874? Siku hiyo White League, maelfu ya wazungu na bunduki zao, wengi waliwahi kupigania Kusini, waliingia mitaani New Orleans kuiangusha serikali ya jimbo, na aliyeongoza polisi na wanamgambo weusi kuwazuia ni yeye, mzee wa miaka 53, mkono wa kulia ulishalemaa tangu 1864 alipopigwa risasi na watu wa upande wake kwa bahati mbaya. Wakazidiwa, akaumia, akakamatwa. Mtu wa ulaji siku kama hiyo angekuwa kitandani anaumwa tumbo.

Lee alipokufa 1870 ndo wakina Jubal Early, naye jenerali wa Kusini, wakaja na hadithi kwamba Longstreet alichelewesha shambulio kwenye mapigano ya Gettysburg, Julai 2, 1863, ambayo Kusini walishindwa. Sawa, siku ile alijivuta, hilo hata mimi namlaumu. Lakini kesho yake alimwambia Lee ule uwanja wazi hauvukiki, Lee akakataa, na Pickett, jenerali wa chini yake, alipokuja kuuliza kama waende, Longstreet sauti haikutoka, aliinamisha kichwa tu. Zaidi ya nusu ya waliokwenda waliuawa, walijeruhiwa au walitekwa.

Lee ana sanamu pale Gettysburg tangu 1917. Longstreet kawekewa 1998, na kwa mtazamo wangu deni alilokuwa anadaiwa ni la New Orleans, Gettysburg ilikuwa kisingizio.