Samaki wa Mombasa Anapata Barafu, Mnywaji Hapati

Houston, huku Marekani, mwezi wa Agosti haina huruma. Nyuzi 37, na unyevu unaokulazimisha kubadilisha shati kabla ya saa nne asubuhi. Mtu wa Mombasa hahitaji kuelezwa: ni Februari ya Kisauni iliyonyimwa upepo wa bahari. Jumamosi jioni jirani yangu, mzee wa Monterrey, Meksiko, akaniita nyuma ya nyumba yake. Alikuwa amejaza ndoo barafu, akamimina maji juu yake, kisha akatupia konzi moja ya chumvi. Nikamuuliza chumvi ya nini. Akanieleza kama anayemfundisha mtoto: barafu tupu hugusa chupa hapa na pale, lakini maji huizunguka yote, na chumvi huyaacha yashuke chini ya sifuri bila kuganda. Baada ya muda mfupi akanipa Pacifico. Bia hiyo asili yake ni Mazatlán, mji wa bandari wenye joto kama wetu, ambako Wajerumani walianza kuipika mwaka 1900. Nyepesi, kavu, haikawii kooni. Nusu chupa ilikwenda kabla sijaketi.

Halafu nikashikwa na hasira, na hasira yenyewe ni ya nyumbani.

Mnajua wenyewe. Unaingia baa, jasho limefika kwenye soksi, mhudumu anakuuliza, "Baridi ama moto?", yaani bia ya friji au isiyopoozwa. Nairobi swali hilo nalielewa. Limuru nalielewa zaidi, Julai ya kule hata mimi ningeomba moto. Lakini Mtwapa? Kaskazi imekaza, feni inahamisha joto kutoka kona hii kwenda ile, na bado meza ya pili kuna bwana anajibu "moto" kwa sauti nzito, utadhani anaapishwa.

Na ukisema baridi usidhani umepona. Baridi ya baa zetu nyingi ni chupa iliyotangulia kuingia kwenye friji nusu saa kabla yako. Nilipokuja Desemba, baa moja nisiyoitaja, nililalamika. Mhudumu akaichukua chupa akanibandika shavuni: "Hebu sikia, kaka. Si baridi hiyo?" Ilikuwa baridi kuliko shavu langu, hilo sikatai.

Nawasikia. "Huyu naye, kuvuka maji tu, bia ya kwao imeshamshinda." Sivyo jamani. Tusker nimeinywa tangu nilipoanza kujilipia, na nikiikuta dukani huku naibeba kama mtoto mchanga. Bia haina kosa. Ilianzishwa miaka ya 1920, na ni lager, aina ya bia inayotengenezwa inywewe ikiwa imepoa. Ikipata joto, utamu wa shayiri unalala ulimini na gesi inakimbia na povu.

"Stima je?" Stima naijua. Bili naijua, na ule usiku mtaa mzima unapoingia giza mechi ikiwa dakika ya themanini naujua pia. Lakini msiniambie Mombasa hakuna barafu. Nendeni sokoni alfajiri mkamwone jodari alivyolazwa, barafu chini, barafu juu, tena kafunikwa gunia asiguswe na jua. Yule ameshakufa na anatunzwa hivyo. Mnywaji aliye hai, anayelipa, anapewa chupa yenye joto la mkono.

Kuna na hili la koo. Binamu yangu wa Changamwe anashikilia kwamba kinywaji baridi humletea kikohozi. Binamu huyohuyo tulikua naye tukinyonya barafu za ukwaju na za ubuyu kutwa nzima, tukitoka tumechanika midomo, na kikohozi sikukisikia. Kikohozi kilikuja alipoanza kunywa bia? Basi ni cha ajabu, kinachagua chupa.

(Na nyinyi msiokunywa, mniwie radhi. Someni hii kama taarifa ya hali ya hewa.)

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Wameksiko hawajatuzidi kitu. Wana kinywaji wanakiita michelada: bia baridi, ndimu, chumvi mdomoni mwa glasi, na pilipili. Nilipoonja mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Hiyo si mihogo ya Lighthouse, pale ufukweni Mombasa? Si embe mbichi inayouzwa nje ya shule, imekatwakatwa ikanyunyiziwa pilipili na chumvi? Ndimu, chumvi na pilipili Mombasa tumezaliwa nazo. Hata ukwaju wao wanautia kwenye vinywaji kama sisi. Wao waliangalia jua lao, wakaangalia jikoni kwao, wakapata cha kunywa. Sisi tumeangalia Nairobi.

Na si kwamba hatujui. Mwulize mgema yeyote wa Kilifi. Mnazi wa asubuhi ni mtamu na mpole, kufikia jioni umeshachachuka na umekuwa mkali, na kila mnywaji anajua saa yake. Unakaa chini ya mwembe na mrija wenye kichujio nchani, unavuta kidogo kidogo, mazungumzo yanakwenda. Dafu nalo, nani alimfundisha mtu wa pwani kwamba linafaa mchana? Wazee walijua kinywaji na hali ya hewa ni ndugu. Tukaja sisi na makreti, tukayapanga ukutani palepale jua la alasiri linapopiga.

Sasa wale mabingwa wa mwisho, wanaosema bia ya Meksiko ni ya watoto, maji yenye rangi. Nimewasikia hata kwenye harusi. Corona kilevi chake ni kama asilimia 4.5. Modelo ni 4.4. Tusker yenu, ile inayoombwa moto kwa sauti nzito, ni 4.2. Kwa hiyo kati yetu anayekunywa ya watoto ni nani? Mnachokiita ukali ni joto tu. Ndiyo maana sidai mniletee Corona pwani, na zile za hotelini zenye bei ya kufukuza watu wabaki nazo watalii. Ya kwetu inatosha, tena ni nyepesi kuliko hizo. Ipoe tu.

Nimemwambia binamu asome hiyo 4.2 kwenye chupa aliyoishika. Akanijibu lebo imebanduka. Si kwa barafu, ni kwa jasho la kiganja chake.