Rada Ikiona Mzunguko, Mtaa Utajwe kwa Jina

Mtaalamu wa hali ya hewa anayefuatilia dhoruba juu ya jiji lenye watu hana nafasi ya kusubiri hadi awe na uhakika kamili. Kwenye skrini ya rada ya Doppler, inayopima mwendo wa upepo, haioni tornado yenyewe, yaani nguzo ya upepo mkali unaozunguka kutoka kwenye wingu hadi ardhini, bali anaona rangi: kwa kawaida kijani huonyesha upepo unaoisogelea rada, na nyekundu huonyesha ule unaoikimbia. Kijani kilichokolea kikigusana na nyekundu iliyokolea katika eneo dogo, ni dalili kwamba hewa ndani ya wingu inazunguka. Iwapo mzunguko huo umefika chini, mara nyingi rada haiwezi kusema, kwa sababu mwale wake hupanda kadiri unavyosafiri huku dunia ikijipinda chini yake. Katika umbali wa kilomita 100, mwale wa chini kabisa huwa umefika takriban kilomita 1.5 kutoka ardhini. Rada za kisasa huweza kutambua vipande vya mbao na mabati vinavyorushwa angani, lakini vikishaonekana, tayari nyumba ya mtu imebomoka.

Kwa hiyo naamini tahadhari inapaswa kutolewa kwa dalili, na inapaswa kutaja mahali. Hili la pili ndilo linalonigusa zaidi, mimi ninayeishi Dodoma.

Marekani walilitambua hilo baada ya muda mrefu. Hadi mwaka 2007 tahadhari zao za tornado zilitangazwa kwa wilaya nzima. Tangu Oktoba 1 mwaka huo, mtaalamu huchora kwenye ramani eneo lililo mbele ya dhoruba, na walio nje ya mchoro huendelea na shughuli zao. Katika mji wa Moore, Oklahoma, Mei 20, 2013, tahadhari ilitangulia tornado kwa dakika 16. Waliokufa hawakuzidi watu 24, ingawa tornado hiyo ilikuwa ya daraja la juu kabisa na ilipita katikati ya makazi. Miaka miwili kabla, huko Joplin, Missouri, walikufa zaidi ya 150, na uchunguzi uliofuata ulionyesha kuwa wakazi wengi waliposikia king'ora cha kwanza hawakujificha. Walitafuta kwanza uthibitisho kwamba hatari inawahusu wao.

Wapo watakaosema kwamba tornado ni balaa la Oklahoma. Tongaat, Afrika Kusini, ilipigwa Juni 2024 na watu wakafa, na Bangladesh mwaka 1989 tornado moja iliua takriban watu 1,300. Kwetu Dodoma, visulisuli vya vumbi vya kiangazi ni jambo jingine, kwani huzaliwa na ardhi iliyochomwa na jua, pasipo wingu lolote. Ninachokihofia mimi ni wingu la radi la msimu wa mvua, lile linaloshusha upepo wa ghafla na kuezua mapaa. Rada inayoona mzunguko wa tornado ndiyo hiyo hiyo inayouona upepo huo ukija.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, aghalabu kwa kutaja mikoa. Utaratibu huo ulifaa kwa kimbunga Hidaya, Mei 2024, kwa kuwa kimbunga cha baharini hutanda mamia ya kilomita. Dhoruba ya radi huweza kuwa na upana wa kilomita chache tu, ilhali mkoa wa Dodoma una zaidi ya kilomita za mraba 41,000. Mama anayeanika mahindi Nzuguni akisikia "mkoa wa Dodoma", atajuaje kama anaambiwa yeye au mtu wa Kondoa? Angeambiwa hivi angeelewa: wingu lenye upepo mkali liko Ihumwa, linaelekea Nzuguni na Ilazo, litafika ndani ya dakika 20, ingieni ndani na mkae mbali na madirisha. Ujumbe huo hauwezi kutungwa kwa kutegemea rada ya Dar es Salaam, kwa maana kutoka kule mwale wa chini kabisa hupita zaidi ya kilomita 10 juu ya vichwa vyetu. Unahitaji rada iliyo karibu na mtu aliyekaa mbele yake usiku na mchana.

Wakati mwingine wingu litageuka na Nzuguni hakutatokea kitu. Hata Marekani, takriban tahadhari saba kati ya kumi za tornado hazifuatiwi na tornado, na sioni sababu ya kumlaumu mtaalamu kwa hilo, mradi aeleze waziwazi alichokiona na kile ambacho bado hajakiona.

Kinachobaki ni njia ya kupitishia ujumbe, nayo haihitaji mitambo mipya. Namba za simu za wenyeviti wa mitaa, walimu wakuu na viongozi wa masoko zikusanywe kabla ya mvua za Desemba, zipangwe kwa kata, na ziwekwe mezani pa yule anayeitazama rada.