Kichwa cha Kumi

Najua mmeshasikia. Sauti ya dakika tatu inazunguka kwenye magrupu tangu jana jioni, na aliyeirekodi ni rafiki yangu mwenyewe, mtu niliyemlipia nauli aje kunishikia manila. Kabla hamjanipachika jina la kudumu, sikilizeni na upande wangu. Kwanza kabisa, sikulia. Lile lilikuwa jasho, feni ya ukumbi ni mbovu.

Kazi yenyewe mnaijua, niliwatambia humu mwezi mzima. Kisutu, Dar es Salaam, pale mahekalu ya Wahindu yalipopangana, wiki ya Diwali, sikukuu yao ya taa, niwasimulie watoto Ramayana, ule utenzi mkongwe wa India, kwa Kiswahili, picha nimechora mwenyewe. Utenzi wa Valmiki una beti zipatazo 24,000. Mimi nimeubana kwenye manila 12. Rama ananyimwa ufalme wa Ayodhya, anaishi msituni miaka 14 na mkewe Sita na mdogo wake Lakshmana, Ravana mfalme wa Lanka anamwiba Sita, Hanuman anaruka bahari kumtafuta, vita, watu wanarudi kwao, taa zinawashwa. Yote hayo kwa saa moja.

Fahari yangu ilikuwa picha ya 6. Ravana mzima mzima, vichwa kumi, mikono ishirini. Mikono ile imenikosesha usingizi siku tatu. Kila mmoja na silaha yake: upanga, upinde, rungu, mkuki, mpaka silaha zikaniishia, mkono wa 19 nikaupa panga la kufyekea majani. Na niliihesabu kila usiku kabla ya kulala, kama mtu anayefungia kuku.

Vichwa sikuvihesabu. Nani anahesabu vichwa?

Basi nimeingia. Watoto kama 40 mkekani, wazazi nyuma kwenye viti, na mbele kabisa bibi mmoja wa Kihindi, sari nyeupe, fimbo mapajani. Nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. Nikafungua kama tulivyolelewa: "Hadithi, hadithi!" Watoto wakadaka: "Hadithi njoo! Uongo njoo! Utamu kolea!"

Bibi akageuza shingo polepole, akaniangalia.

Hapo ndipo akili ikanirudia. Hii kwao siyo ya sungura na fisi. Rama ni mungu Vishnu aliyeshuka kwa umbo la mtu, anaabudiwa hapo hapo mtaani. Na mimi nimekaribisha uongo kwa sauti ya watoto arobaini. Nikakohoa, nikaendelea.

Picha tano za kwanza zilienda vizuri, siwadanganyi. Paa wa dhahabu aliwafanya wagune. Tukafika kwa jamaa. Nikampa rafiki yangu ishara, akaikunjua manila taratibu, kutoka juu kwenda chini, kama nilivyomfundisha. Ukumbi ukaachia "aaah!" moja. Nikanyamaza kidogo ili sifa inikae vizuri mwilini, kisha nikashusha sauti ya mtangazaji wa mpira: "Huyu! Ndiye! Ravana! Dashanana, mwenye nyuso kumi!"

Kuna kabinti ka mbele, mikia miwili ya nywele, meno ya juu yameng'oka. Kakanyoosha kidole. Nikadhani kanamwogopa. Kumbe kanahesabu. Moja. Mbili. Mimi natabasamu, moyoni nasema hesabu mwanangu, raha hiyo. Tano. Sita. Kidole kinatembea polepole kama konokono. Nane. Tisa. Kikafika ukingo wa manila, kikapita, kikapapasa hewani, hakikukuta kitu, kikarudi mwanzo.

Safari ya pili wakahesabu wote. Watoto arobaini kwa sauti moja, kama wanaimba tebo: moja! mbili! tatu! Nikitazama ile picha na mimi nahesabu nao, naomba Mungu njiani kitokee kimoja. Hakikutokea. "TISA!"

"Anko," kabinti kakasema kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyoniua, "ni tisa."

Ninyi mnaocheka, chukueni kalamu sasa hivi. Wekeni uso mmoja katikati. Vinne kulia, vinne kushoto, umependeza, ni tisa. Vitano kwa vitano, ni kumi na moja. Kumi haikubali mizani! Wachoraji wengi wa kule India huweka vinne huku na vitano kule, maisha yanaendelea. Mimi nikataka kupendeza.

Sasa mtu mzima angesema "nimekosea, wanangu". Mimi nikasema: "Cha kumi kiko nyuma. Kinalinda."

"Akilala, analalia nini?" kabinti kakauliza.

Nikaongeza la pili. "Kwa kweli, kichwa kimoja alikikata akamtolea mungu Brahma."

Akasimama mvulana wa miaka kama 12, miwani, mikono mgongoni. "Samahani Anko. Hakukata kimoja. Alikata tisa, kimoja kila baada ya miaka 1,000. Alipotaka kukata cha kumi ndipo Brahma akatokea. Halafu vyote akarudishiwa." Akakaa. Akasimama tena. "Kwa hiyo hapo angekuwa na kimoja."

Ukumbi kimya. Feni inalia. Bibi akaegemea fimbo yake, akasema, wala hakupaza sauti: "Uongo umeshakuja, mwanangu. Utamu bado."

Hicho ndicho kicheko mnachokisikia kwenye ile sauti. Wazazi, watoto, mlinzi wa getini. Na anayecheka karibu kabisa na simu ni huyo huyo niliyemlipia nauli.

Mengine hayana uzito. Nilishika maka peni nikaongeza cha kumi papo hapo, kikatoka kama embe dodo lenye masharubu. Picha ya 7, ya 9 na ya 11 nazo zilikuwa na tisa, hizo nikawapa watoto wamalizie wenyewe, na vichwa vyao vimetoka vizuri kuliko vyangu. Rama akashinda, taa zikawashwa, nikaaga.

Mlangoni bibi akanipa boksi la ladu, limefungwa uzi. "Kumi hizo," akasema. "Lakini hesabu."

Nimehesabu nilipofika nyumbani. Tisa. Rafiki yangu anaapa hakugusa hata moja.