Somo Lisiloruhusu Maswali

Mjadala kuhusu kufundisha usanifu wenye akili, yaani wazo kwamba uhai ulibuniwa na mwenye akili, katika shule za umma za Marekani huelezwa mara nyingi kana kwamba ni ugomvi kati ya wamchao Mungu na wasiomcha. Mimi ni muumini, na kila ninaposoma kumbukumbu za kesi ya Dover ya mwaka 2005 huona kwamba maelezo hayo yanapotosha. Kilichobishaniwa pale hakikuwa kama Mungu yupo. Kilikuwa kama wazo linaweza kuingizwa katika somo la biolojia kwa kura za wajumbe wa bodi, bila kwanza kupitia mahali ambapo mawazo mengine yote ya sayansi hulazimika kupitia.

Dover ni mji mdogo katika jimbo la Pennsylvania. Oktoba 2004 bodi ya shule za eneo hilo iliamua, kwa kura 6 dhidi ya 3, kubadilisha mtaala wa biolojia, na baadaye ikaagiza wanafunzi wa darasa la 9 wasomewe taarifa fupi kabla ya kuanza mada ya mageuko ya viumbe. Taarifa hiyo ilisema kwamba nadharia ya Darwin si jambo lililothibitika, kwamba ina mapengo yasiyo na ushahidi, na kwamba usanifu wenye akili ni maelezo mengine ya asili ya uhai, ambayo mwanafunzi angeweza kuyasoma katika kitabu cha Of Pandas and People kilichokuwa kimewekwa shuleni. Ilimalizia kwa kuwahimiza wanafunzi wawe na fikra zilizo wazi. Walimu wa sayansi walikataa kuisoma, wakieleza kwa maandishi kwamba wakiisoma wao, wanafunzi wataamini kuwa usanifu huo ni nadharia halali ya kisayansi. Basi Januari 2005 viongozi wa utawala wa shule wakaingia madarasani, wakaisoma wenyewe, na wakaongeza kwamba hakutakuwa na mjadala mwingine wowote kuhusu suala hilo, wala walimu hawatajibu maswali.

Kwangu mimi, nyongeza hiyo ina uzito kuliko taarifa yenyewe. Mtoto wa miaka 14 anaambiwa awe na fikra zilizo wazi, na papo hapo anakatazwa kuuliza. Anaambiwa kuna mapengo, lakini haonyeshwi hata moja. Anaambiwa pia kuna maelezo mengine, lakini hakuna mtu darasani mwenye ruhusa ya kumweleza maelezo hayo yanasema nini, nani aliyapima, na yalipopimwa yalionyesha nini. Na katika nadharia zote alizofundishwa, za atomi, za mvutano wa dunia, za vijidudu vinavyosababisha magonjwa, ni moja tu iliyowekewa onyo. Wanaoutetea usanifu wenye akili husema kwamba wanachotaka ni mjadala ufundishwe. Ningewaelewa vizuri zaidi kama, walipopata nafasi, wangeruhusu mjadala.

Mjadala wenyewe ulikuja kufanyika mahakamani, kwa sababu wazazi 11 walifungua kesi katika mahakama ya shirikisho, na ikasikilizwa mjini Harrisburg kuanzia Septemba hadi Novemba 2005. Hapo ndipo tofauti kati ya pande mbili ilipoonekana wazi. Kenneth Miller, mwanabiolojia wa Chuo Kikuu cha Brown, ambaye ni Mkatoliki na mmoja wa waandishi wa kitabu cha biolojia kilichokuwa kikitumika Dover, alieleza habari za kromosomu, yaani nyuzi za DNA zinazobeba jeni ndani ya seli. Binadamu ana jozi 23, na sokwe ana jozi 24. Ikiwa wote wawili walitokana na kiumbe mmoja wa kale, jozi moja imekwenda wapi? Haiwezi kuwa ilipotea tu, kwani kupoteza jozi nzima yenye maelfu ya jeni kungeua. Linabaki jibu moja, kwamba kromosomu mbili ziliungana, na kama ziliungana lazima alama zibaki: mfuatano wa DNA ambao kwa kawaida hukaa kwenye ncha za kromosomu uonekane katikati, na sentromea, yaani sehemu ya kushikia kromosomu seli inapogawanyika, ambayo kila kromosomu huwa nayo moja, iwepo mara mbili, ya pili ikiwa imekufa. Wanasayansi walitafuta, wakavikuta vyote viwili katika kromosomu ya 2 ya binadamu. Napenda mfano huu kwa sababu ungeweza kwenda kinyume. Kama alama hizo zisingekuwepo, watetezi wa mageuko wangekuwa na kazi kubwa ya kujieleza.

Upande wa pili shahidi mkuu alikuwa Michael Behe, mwanabiokemia wa Chuo Kikuu cha Lehigh, anayedai kwamba baadhi ya mifumo ya uhai, kama mkia unaoiendesha bakteria au kinga ya mwili, haiwezi kuwa ilijengeka hatua kwa hatua. Hilo ni dai la heshima, na linastahili kupimwa. Lakini wakili wa wazazi alipomwekea mbele makala 58 za kitaaluma pamoja na vitabu kadhaa kuhusu jinsi kinga ya mwili ilivyogeuka, alijibu kwamba havitoshi, huku akikiri kwamba hakuvisoma vyote. Alikubali pia kwamba kwa maana anayotoa yeye ya nadharia ya kisayansi, hata unajimu, yaani kutabiri mambo kwa nyota, ungeingia. Sisemi hivyo kumdhihaki. Nasema kwamba wazo lililodai kiti darasani lilishindwa kujibu maswali ambayo darasani yalikuwa yamepigwa marufuku.

Ushahidi mwingine ulitoka kwenye rasimu za kitabu cha Of Pandas and People. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha sheria ya jimbo la Louisiana iliyotaka elimu ya uumbaji ifundishwe sambamba na mageuko. Rasimu za kabla ya hukumu hiyo zilizungumzia uumbaji, na rasimu za baada yake zikaweka usanifu wenye akili mahali palepale, katika ufafanuzi uleule. Katika rasimu moja jina la zamani halikufutika sawasawa, na jipya likachomekwa katikati yake.

Jaji John E. Jones, aliyeteuliwa na Rais George W. Bush, alitoa hukumu yenye kurasa 139 tarehe 20 Desemba 2005. Aliamua kwamba sera ya bodi ilikiuka Katiba, na kwamba usanifu wenye akili si sayansi. Wapo wanasheria walioona kwamba angeishia kwenye nia ya bodi tu, asijitwike kuamua nini ni sayansi. Hoja hiyo ina uzito, ingawa ni haki kukumbuka kwamba pande zote mbili ndizo zilizomwomba aliamue swali hilo. Kilichoniumiza mimi kama muumini ni sehemu nyingine ya hukumu. Mjumbe mmoja wa bodi alikuwa amechangisha fedha kanisani kwake, hundi ikapitia kwa baba wa mjumbe mwenzake, zikanunuliwa nakala 60 za kitabu hicho cha Of Pandas and People, kisha walipohojiwa kwa kiapo wakaficha fedha zilikotoka. Jaji aliandika kwamba watu waliojivunia imani yao hadharani walidanganya tena na tena ili kuficha nyayo zao. Sijui imani gani inayolindwa kwa njia hiyo.

Nakubali kwamba wazazi wa Marekani wana ugumu ambao sisi hatunao. Tanzania na Kenya, dini ina masomo yake shuleni na mitihani yake ya taifa, na mwanafunzi huyohuyo husoma mageuko katika biolojia. Shule ya umma ya Marekani hairuhusiwi kumlea mtoto katika dini yoyote, na kwa hiyo shauku yote ya wazazi ya kuona imani yao ikitajwa hubanwa hadi iangukie mlango mmoja, nao ni wa mwalimu wa biolojia. Lakini ugumu huo hautatuliwi kwa kumgeuza Mungu kuwa jina la kile ambacho maabara haijakieleza bado, kwa sababu kila makala mpya ya utafiti ingekuwa inampunguzia nafasi. Mwanateolojia John Haught wa Georgetown alitoa ushahidi upande wa wazazi, na alikuwa na sababu.

Hukumu ya Dover haikukatiwa rufaa. Wajumbe 8 wa bodi waliogombea tena walikuwa wameshaangushwa wote na wapiga kura Novemba 2005, na bodi mpya haikuwa na hamu ya kuendelea. Ililipa takribani dola milioni moja za gharama za kesi. Kwa hiyo kisheria hukumu inabana sehemu moja tu ya Pennsylvania, na majimbo mengine yamekuwa yakitafuta maneno mapya. Machi 2024 West Virginia ilipitisha sheria inayokataza viongozi wa shule kumzuia mwalimu kujibu maswali ya wanafunzi kuhusu nadharia za kisayansi za chanzo cha ulimwengu na uhai. Muswada wa awali ulitaja usanifu wenye akili. Sheria iliyotiwa saini haiutaji, wala haielezi nadharia ya kisayansi ni ipi. Kuruhusu maswali nakuunga mkono bila kusita. Ninachohofia ni kwamba uamuzi ambao mahakama ya Harrisburg ilihitaji wiki sita za mashahidi kuufikia sasa ameachiwa mwalimu mmoja mmoja, katika miji midogo ambako mjumbe wa bodi na mzazi wa mwanafunzi wake husali naye Jumapili.