Tangi kubwa la samaki: ndoo au maji yanayojibadilisha yenyewe?

Kubadilisha nusu ya maji ya tangi la lita 1,000 ni kutoa nusu tani na kurudisha nusu tani, na wiki ijayo kazi ni ileile. Mpira na pampu hupunguza adha, lakini kuna siku mtu ameugua, amesafiri au amechoka tu, na samaki wanabaki na maji ya wiki tatu. Ndiyo maana wenye matangi makubwa nyumbani huvutiwa na mfumo wa maji yanayojibadilisha yenyewe. Naamini ni uamuzi mzuri kwa wengi wao, ila kwa sababu tofauti na ile inayotajwa sana.

Inayotajwa sana ni kwamba maji kidogo kidogo kila siku husafisha tangi kuliko mabadiliko makubwa ya mara moja. Tuchukue mfumo ulio rahisi kuliko yote. Kitoa matone cha lita 4 kwa saa, kama vile vya umwagiliaji wa shambani, kinafungwa kwenye mpira mwembamba unaotoka kwenye bomba la nyumba. Karibu na ukingo wa tangi kuna tundu la maji ya ziada linaloyapeleka nje. Kwa saa 24 zinaingia lita 96 na zinatoka kiasi hichohicho. Lakini maji mapya huchanganyika na ya zamani papo hapo, kwa hiyo sehemu ya yanayotoka ni yaleyale mapya. Ukitoa lita 500 kwa mkupuo umeondoa nusu ya nitrati (uchafu unaotokana na kinyesi na mabaki ya chakula) iliyokuwamo. Ukipitisha lita 500 hizohizo tone kwa tone, unaondoa kama asilimia 39 tu.

Sasa tuweke samaki ndani. Chukulia kinyesi na mabaki ya chakula yanaongeza miligramu 2 za nitrati kwa kila lita kwa siku, na maji ya bomba hayana nitrati. Anayebadilisha nusu kila wiki ataishia kwenye 28 kabla ya kubadilisha na 14 baada yake, wastani 21. Mwenye matone, akitumia lita 500 zilezile kwa wiki, atakaa kwenye 28 siku zote. Ili ashuke hadi 21 inabidi apitishe kama lita 670 kwa wiki, yaani theluthi moja zaidi. Anayelipia maji kwa mita, au anayeyapata kwa mgao, asifichwe hesabu hii. Maji yanayotoka yanafaa kumwagilia mimea, maana nitrati ni mbolea, lakini si kila nyumba ina bustani inayohitaji lita mia moja kila siku.

Kwa nini basi niuunge mkono mfumo huu? Kwa sababu ya utulivu wa maji, na hapo faida yake ni kubwa mno. Bakteria wanaogeuza amonia, sumu inayotokana na kinyesi cha samaki, kuwa nitriti na hatimaye nitrati hutumia akiba ya kabonati iliyomo majini. Tangi likikaa muda mrefu bila maji mapya, akiba hiyo huisha na pH (kipimo cha asidi) huporomoka, yaani maji huwa na asidi zaidi. Bakteria nao huzorota, na amonia inayojikusanya hubaki katika umbo la amoniamu, ambalo haliwadhuru sana samaki. Mwenye tangi anawaona wanaogelea, anadhani mambo ni shwari. Siku anapoamua kufanya usafi mkubwa, maji mapya yanapandisha pH, amoniamu inageuka tena kuwa amonia, na samaki waliovumilia uchafu kwa miezi wanaweza kufa saa chache baada ya kusafishiwa. Maji yakiingia kila saa, tangi halifiki huko. Joto halishuki ghafla, ugumu wa maji hauyumbi, na uvivu wa binadamu unatolewa kwenye hesabu.

Wapinzani nao wana hoja nzito, ya kwanza ikiwa klorini, dawa ya kuua vijidudu inayotiwa kwenye maji ya bomba na ambayo hudhuru samaki. Anayejaza kwa ndoo hutia dawa ya kuiondoa na anajua ameitia. Bomba lililounganishwa moja kwa moja linahitaji chujio la mkaa, na mkaa ukichoka hautoi taarifa. Ni kweli kwamba lita 4 kwa saa ndani ya lita 1,000 huzimuliwa sana, na wapo wanaoutegemea uzimuaji huo peke yake. Mimi singefanya hivyo. Mamlaka za maji zinaweza kuongeza dozi baada ya kukarabati mabomba, tena pengine zinatumia kloramini (klorini iliyoungana na amonia), ambayo ni ngumu zaidi kwa mkaa wa kawaida na haitoki kwa kuyaacha maji yakae. Pima klorini kwenye maji yaliyokwisha kupita kwenye chujio, na upime mara kwa mara.

Ya pili ni mafuriko. Wengi hununua vali ya umeme, taima na kitambuzi kinachotuma ujumbe kwenye simu, wakaona wamemaliza. Punje moja ya mchanga ikikwama kwenye kikalio cha vali inatosha kuizuia isifunge, na ujumbe kwenye simu haukaushi sakafu. Kinga ya kweli ni ya maumbile ya mfumo wenyewe: kitoa matone kisichoweza kupitisha zaidi ya lita chache kwa saa, au pipa la lita 100 lenye maji yaliyotayarishwa, ili hata pampu ikigoma kuzima zisiingie zaidi ya hizo 100. Matundu ya maji ya ziada yawe mawili, kwa sababu konokono mmoja au jani moja huweza kuziba chujio la tundu. Mdomo wa mpira wa kuingiza ubaki juu ya maji, usizame, la sivyo presha ya bomba ikishuka maji ya samaki yanaweza kuvutwa hadi kwenye maji ya kunywa ya nyumba nzima.

Mfumo unaotoa maji kwanza kisha kujaza siupendi kabisa. Maji ya bomba yakikatika katikati ya zoezi, kipasha joto kinabaki hewani na pampu inazunguka kavu. Ule wa kufurika hauna tatizo hilo: maji yakikatika, tangi linabaki limejaa.

Kwa maji ya bahari kazi ni nyingine. Huhitajika pampu mbili, moja ya kutoa na moja ya kuingiza maji yenye gramu 35 hivi za chumvi kwa lita. Ya kutoa ikizidi kwa asilimia 5, na pengo likajazwa maji yasiyo na chumvi na kifaa kinachofidia maji yanayopotea kwa mvuke, chumvi itashuka polepole hadi karibu 33 bila mtu kugundua. Pampu hizo zipimwe upya kila baada ya muda.

Kuna jambo ambalo ndoo ilikuwa ikilifanya kimyakimya. Ilimlazimisha mtu kupiga magoti mbele ya kioo, kunyonya taka kwenye changarawe, na kumwona samaki aliyejitenga au aliyeanza kukataa chakula. Matone hayanyonyi taka wala hayaoni samaki, kwa hiyo siku ya kunyonya changarawe ibaki kwenye ratiba. Na kabla samaki hawajaingia, fungua njia ya kuingiza hadi mwisho, ziba tundu moja la maji ya ziada, kisha kaa hapo uone kama la pili linamudu.