Seli chache, mashine kubwa: nani ahesabu maji ya uti wa mgongo?

Maji ya uti wa mgongo ya mtu mzima asiye na ugonjwa huwa na seli nyeupe zisizozidi 5 katika kila mikrolita (sehemu ya milioni ya lita). Mashine nyingi zinazoyapima zilibuniwa kwa ajili ya damu, ambamo seli hizo ni maelfu. Ubishi wa nani azihesabu, mashine au mtu mwenye hadubini, unaanzia hapo.

Wanaotetea hadubini husema jicho halidanganyiki. Sikubaliani nao. Chemba ya Neubauer, kioo chenye miraba ya kuhesabia seli chini ya hadubini, hata ukihesabu miraba yake yote 9 mikubwa, inapima mikrolita 0.9 tu. Sampuli yenye seli 5 kwa mikrolita itakuonyesha 4 au 5 hivi. Ukijaza chemba upya unaweza kuona 2, au 7, na hakuna aliyekosea. Hapo bado hatujamtaja mhesabuji aliyekesha zamu ya usiku. Mashine hupima maji mengi zaidi na hutoa majibu kwa dakika chache. Haraka hiyo ina maana, kwa sababu nyutrofili (aina ya seli nyeupe) za maji haya huanza kuharibika ndani ya saa moja au mbili.

Ila mashine nayo hukosea kwa namna yake. Mapovu, uchafu na mabaki ya sampuli iliyotangulia huweza kusomwa kama seli. Kwenye damu, seli 3 za ziada hazimshtui yeyote. Hapa zinatosha kumfanya mzima aonekane mgonjwa. Kibaya zaidi ni kuvu wa Kriptokokasi: mashine inaweza kuwahesabu pamoja na seli za damu, isitoe onyo lolote. Seli za saratani nazo hazitambuliki kwa hakika bila slaidi iliyotiwa rangi.

Maji yanayojaa tumboni ni habari nyingine. Kwa mgonjwa wa sirosisi, yaani makovu ya ini, daktari anataka kujua kama nyutrofili zimefika 250 kwa mikrolita ili aanze antibayotiki. Zikiwa mbali na kiwango hicho, juu au chini, kumsubirisha kwa ajili ya chemba ni kumchelewesha bure.

Kwa hiyo naona kila maabara ipime kikomo cha chini cha mashine yake, yaani idadi ndogo kabisa ya seli ambayo mashine huihesabu kwa uhakika, na chini ya hapo ihesabu kwa mkono. Tatizo ni kwamba mashine ikichukua sampuli nyepesi zote, wahudumu watabaki na zile ngumu tu huku mkono ukizidi kukosa mazoezi. Baadhi ya sampuli nyepesi zingeendelea kuhesabiwa kwa chemba pia, hata kama majibu ya mashine yameshatoka.